Sakafu ya Boti Huanza Kuozea Chini

Matini ya mazungumzo kuhusu utunzaji wa sakafu za mbao ndani ya mitumbwi na maboti, kwa wakazi wa Kata ya Katubuka



Katubuka imekaa baina ya Kigoma mjini na Ujiji, na maisha ya wakazi wake yamefungamana na ziwa hata pale ambapo dirisha la nyumba haliyaoni maji. Dagaa na migebuka ya sokoni hufika kwa chombo cha mbao. Mkazi anayekwenda kuzika au kuuguza ndugu Mwamgongo, Kagunga, Sigunga, Buhingu au Kalya, aghalabu huteremka mwaloni na kupanda boti. Asiyemiliki hata kasia huikanyaga sakafu ya boti, na akiisha kukaa juu ya mzigo wake haulizi sakafu ile inashikiliwa na nini.

Swali hilo ndilo kiini cha mazungumzo haya. Watu wengi wakisikia habari ya kufufua sakafu ya boti hufikiria brashi, kopo la vanishi na mng'ao. Mng'ao huja mwisho. Faida kubwa ya kazi hii ni kuing'oa sakafu na kutazama kilicho chini yake, kwa kuwa sakafu ya boti haianzi kuoza pale inapokanyagwa. Huanzia upande wa chini, gizani, mahali ambapo maji hutuama na jicho la nahodha halifiki. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na kwa chombo cha mbao nguo hiyo ni sakafu.

Kwa nini sakafu huharibika

Mitumbwi ya zamani ya Ziwa Tanganyika ilichongwa kutoka katika gogo moja la mti mkubwa. Haikuhitaji sakafu, mpiga kasia alikanyaga mwili wa chombo chenyewe. Boti la leo limejengwa kwa mbao zilizopigiliwa juu ya mkuku na mataruma, na sakafu hutandikwa juu ya mataruma hayo ili abiria na mizigo wasikae majini. Kati ya sakafu na mbao za nje hubaki uwazi uitwao ngama, ambamo hukusanyika maji ya mvua, ya mawimbi na yale yanayopenya katika maungio. Maji hayo ndiyo hufuliwa kila asubuhi.

Ngama isiyofuliwa vema huwa chumba chenye mvuke. Juu, jua hukausha uso wa sakafu hadi mbao zinapasuka. Chini, unyevu hauondoki. Ubao unaokauka upande mmoja na kulowa upande wa pili hujikunja, husukuma misumari, na kuacha nyufa zinazoingiza maji zaidi. Kisha huja kuvu wanaokula mbao. Viumbe hao hawastawi katika mbao ambayo unyevu wake uko chini ya asilimia 20, lakini ubao uliofunika ngama yenye maji unaweza kukaa juu ya kiwango hicho mwaka mzima.

Hapa kuna tofauti ya ziwa na bahari ambayo inafaa ieleweke. Katika mwambao wa Unguja na Lamu, fundi wa majahazi huhangaika na mdudu wa baharini anayetoboa mbao, lakini chumvi humsaidia kwa kuwazuia kuvu. Katika maji baridi ya Tanganyika mdudu yule hayupo, bali chumvi nayo haipo. Adui mkuu wa chombo cha Kigoma ni uozo. Ndiyo maana maji ya mvua yaliyotuama ndani ya boti lililoachwa ufukweni huweza kuiumiza sakafu kuliko maji ya ziwa yanayoipiga kwa nje.

Sababu ya tatu ni misumari. Msumari wa chuma katika mbao yenye unyevu hushika kutu, na kutu huidhoofisha mbao inayouzunguka. Doa jeusi kuzunguka kichwa cha msumari ni dalili kwamba msumari haushiki tena. Sababu ya nne ni matumizi: mchanga wa nyayo, magunia yanayoburutwa, nanga inayotupwa, mapipa ya mafuta na majiko ya mkaa. Mchanga hufanya kazi ya msasa kila siku, na popote ulipofuta rangi, maji hupata mlango.

Somo kutoka Liemba

Kigoma ina ushahidi wake wa nguvu ya kinga iliyopakwa kwa wakati. Meli ijulikanayo leo kama Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande na kusafirishwa hadi Kigoma kupitia Reli ya Kati. Ilishushwa ziwani mwaka 1915. Mwezi Julai 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isiangukie mikononi mwa maadui. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo grisi nzito. Waingereza walipoiinua mwaka 1924, takriban miaka minane baada ya kuzamishwa, mitambo ilikuwa bado inafaa kutumika, na mwaka 1927 meli ilirudi kazini kwa jina jipya.

Grisi ile haikupakwa ili mtu aitazame. Ilipakwa kila mahali ambapo maji yangefika, nayo ilipakwa juu ya mitambo iliyokuwa mizima. Maneno hayo mawili, mahali pote na juu ya kitu kizima, ndiyo sheria ya kazi ya sakafu. Rangi inayopakwa upande wa juu peke yake huacha upande unaoliwa. Rangi inayopakwa juu ya uozo huuficha, na uozo uliofichwa ni hatari kuliko ule ulio wazi, maana abiria hukanyaga kwa imani mahali ambapo angekanyaga kwa tahadhari.

Wakati unaofaa

Kazi hii ni ya kiangazi. Kuanzia Juni hadi Septemba, hewa ya Kigoma ni kavu na mvua ni adimu, hivyo mbao hukauka kwa gharama ya kivuli na subira. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kwa makubaliano na nchi nyingine zinazochangia ziwa hili, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Kwa mvuvi, miezi mitatu bila kuingia majini ni miezi ya mfuko mwembamba, na jambo hilo halifai kupuuzwa. Hata hivyo, kipindi cha mapumziko kinapoangukia kiangazi, ni fursa isiyopatikana wakati mwingine wowote: chombo kipo nchi kavu, jua lipo, na mikono ipo.

Boti la abiria halina mapumziko ya namna hiyo. Mmiliki wake anaweza kufanya kazi kwa zamu, akitoa mbao za theluthi moja ya sakafu kwa wakati mmoja, akianza na tezi iliko injini, kisha katikati, kisha omo. Sharti ni kwamba chombo kisibebe abiria katika sehemu iliyo wazi, na mbao zisirudishwe zikiwa mbichi kwa sababu ya soko la kesho.

Hatua za kazi

1. Kung'oa na kuweka alama. Chombo huvutwa nchi kavu na kuegemezwa ili kisiyumbe. Kila ubao huandikwa namba yake upande wa chini kwa kukwaruza kwa ncha ya msumari, maana alama ya chaki hufutika katika usafishaji. Sakafu ya boti haina mbao mbili zinazofanana. Ubao uliopotezewa mahali pake hugharimu siku nzima ya kurandwa upya. Misumari yenye kutu hung'olewa yote, wala haipigwi ikazama ndani.

2. Kukagua. Fundi hupita ubao kwa ubao akiuchoma kwa ncha ya bisibisi, hasa kwenye ncha, kandokando ya misumari na pale ubao ulipolalia taruma. Mbao nzima huikataa ncha. Mbao iliyooza huipokea kama mkate. Kugonga kwa mpini wa nyundo nako husaidia: mbao nzima hulia kwa sauti kali, na iliyooza hutoa mvumo mzito usio na mwangwi. Ubao ulioharibika mwishoni unaweza kukatwa, lakini ukatwe kupita uozo hadi kwenye taruma linalofuata, ili kiungo kipya kikae juu ya nguzo na kisibaki kinaelea. Mataruma na mkuku nao huchomwa vilevile. Uozo ukionekana huko, kazi imekwisha kuwa si ya sakafu tena. Hapo aitwe fundi wa kujenga maboti, na chombo kisirudi majini kabla ya kukaguliwa. Dhamana ya usalama wa vyombo vya majini iko kwa Wakala wa Meli Tanzania, TASAC, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2017.

3. Kusafisha ngama. Sakafu ikiwa wazi, matope, magamba ya samaki, mchanga na nyuzi za nyavu hutolewa. Vitundu vilivyo chini ya mataruma, vinavyopitisha maji kutoka chumba kimoja hadi kingine, huzibuliwa kwa waya. Kitundu kimoja kilichoziba hufanya bwawa dogo ambalo mfua maji hawezi kulifikia kwa kopo lake, na bwawa hilo ndilo huozesha ubao ulio juu yake.

4. Kukausha. Hatua hii ndiyo huharibiwa na haraka. Mbao zisianikwe juani moja kwa moja, kwa kuwa hupasuka; zipangwe kivulini, zikitenganishwa kwa vijiti ili upepo upite pande zote. Ili kujua kama zimekauka, kuna njia isiyohitaji chombo cha kisasa: ubao mmoja hupimwa kwa mizani ya samaki, ukapimwa tena kila baada ya siku tatu. Maadamu uzito unapungua, maji bado yanatoka. Uzito ukitulia katika vipimo viwili mfululizo, ubao umefikia ukavu ambao hewa ya mahali inaweza kuutoa.

5. Kukwangua na kupiga msasa. Rangi au vanishi ya zamani huondolewa kwa kikwangulio, kisha hufuata msasa. Msasa namba 60 au 80 huondoa madoa na makunyanzi. Namba 120 hufuta mikwaruzo ya ule wa kwanza. Kwa sakafu inatosha kuishia hapo au kufika 150. Kulainisha zaidi ni kutengeneza utelezi. Mkono hufuata nyuzi za mbao na hauzikati. Vumbi la rangi ya zamani laweza kuwa na risasi, madini yanayodhuru ubongo wa mtoto. Kwa hiyo rangi iliyozeeka hupigwa msasa ikiwa imeloweshwa kidogo, fundi akiwa na barakoa, watoto wakiwa mbali, na taka ikikusanywa juu ya turubai badala ya kuachwa mchangani. Ubao ulioloweshwa hupewa siku ya kukauka tena kabla ya kupakwa.

6. Kupaka. Ubao una nyuso sita na zote hupakwa: juu, chini, mbavu mbili na ncha mbili. Ncha zina kiu kuliko sehemu nyingine, kwa sababu ndiko mishipa ya mti ilikokatwa, na maji hupanda humo kama mafuta katika utambi. Ncha hupakwa mara moja zaidi ya sehemu nyingine.

7. Kurudisha. Mbao hurudishwa kwa namba zake, zikiachiwa nafasi ya milimita 3 hadi 5 baina ya ubao na ubao, ili zipate kutanuka na maji yashuke. Skrubu za shaba au za chuma kisichoshika kutu ni bora kuliko misumari, kwa kuwa kiangazi kijacho zitafunguliwa kwa bisibisi bila kuumiza mbao. Katikati na karibu na injini huachwa vifuniko vinavyoinuliwa kwa mkono, ili ngama ifuliwe na kutazamwa kila siku. Sakafu iliyopigiliwa moja kwa moja, isiyofunguka mahali popote, ni sakafu iliyojinyima tiba.

Mafuta, vanishi au rangi

Hakuna kipako kimoja kinachofaa kila chombo. Mafuta ya mbegu za kitani huingia ndani ya mbao na hayatengenezi gamba. Hayabanduki, na ubao uliochakaa hupakwa tena mahali palepale bila kukwangua sakafu nzima. Kasoro yake ni kwamba huhitaji kurudiwa mara kwa mara. Yanafaa kwa mtumbwi wa uvuvi ambao sakafu yake hupigwa na nanga na nyavu kila usiku.

Vanishi ya kustahimili maji na jua hutengeneza gamba gumu na kuonyesha uzuri wa mninga au mvule. Inafaa boti la abiria lenye paa. Lakini gamba likipasuka, maji huingia chini yake na hayatoki, na ubao huoza ukiwa umevikwa nguo ya kioo. Anayechagua vanishi amechagua pia kuichunguza kila mwezi na kuziba kila mpasuko mdogo kabla haujawa mkubwa. Mpako wa kwanza huchanganywa na thina kiasi cha sehemu moja kwa sehemu tano hadi kumi za vanishi ili uzame. Inayofuata hupakwa bila kuchanganywa, ikipishana walau saa 24 na kupigwa msasa mwepesi katikati. Pale maelekezo ya kwenye kopo yanapotofautiana na haya, maelekezo ya kopo ndiyo yafuatwe.

Rangi ya mafuta huzuia jua kuliko vyote na ni nafuu, nayo inafaa sakafu iliyo wazi. Kwa rangi na vanishi, utelezi hupunguzwa kwa kunyunyizia mchanga mkavu uliochekechwa juu ya mpako wa kabla ya mwisho ungali mbichi; ukikauka, mchanga usioshika hufagiwa, kisha mpako wa mwisho hufunika. Mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo mkononi atajua tofauti siku ya mawimbi.

Hesabu ya vifaa si ngumu. Sakafu yenye urefu wa mita 5 na upana wa mita 1.2 ina mita za mraba 6 kwa upande mmoja. Mipako mitatu juu ni mita 18, na miwili chini ni mita 12. Jumla mita za mraba 30. Lita moja ya vanishi kwa kawaida hutosha mita za mraba 10 hadi 12 kwa mpako mmoja, kwa hiyo lita 3 zinakaribia kutosha, na kopo la lita 4 litabakiza akiba ya ncha, mbavu na marekebisho. Baada ya mpako wa mwisho, sakafu ipewe wiki moja kabla ya kubebeshwa mzigo mzito. Samaki wasimwagwe juu ya sakafu iliyopakwa. Wabaki katika matenga na mabeseni yao.

Oili chafu na moto

Ipo desturi ya kupaka sakafu kwa oili iliyokwisha kutumika katika injini. Hupendwa kwa sababu ni ya bei ndogo au ya bure, na mtu mwenye mfuko mdogo hawezi kulaumiwa kwa kutafuta nafuu. Lakini nafuu hiyo hulipiwa mahali pengine. Oili chafu haikauki. Huacha utelezi, hushika nguo na samaki, na hudondokea ngama, ikafuliwa pamoja na maji hadi ziwani. Ziwa Tanganyika lina kina cha takriban mita 1,470 na mlango wake wa kutokea ni mto mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Maji yake hukaa mamia ya miaka kabla ya kutoka. Kinachomwagwa Kibirizi au Ujiji hubaki kuwa mali ya wajukuu.

Hatari ya pili ni moto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Huteremka kupitia nyufa za sakafu na kulala ndani ya ngama, ambako mtu aliyesimama juu huenda asiunuse. Cheche moja ya betri, sigara au jiko yatosha. Kwa hiyo baada ya kujaza mafuta, kifuniko cha sakafu kiinuliwe na ngama ipungwe hewa kabla ya kuwasha injini. Jiko la mkaa lisiwekwe juu ya mbao tupu. Aidha, matambara yaliyofutia mafuta ya kitani yasirundikwe: yanapokauka hutoa joto, na rundo lake laweza kuwaka bila kuguswa na kiberiti. Yatandazwe nje moja moja hadi yakauke, au yatumbukizwe katika ndoo ya maji.

Gharama, na nani wa kusaidia

Pingamizi kubwa linalosikika ni fedha, nalo ni pingamizi la kweli. Boti lililo nchi kavu haliingizi kitu, na wiki tatu za kukausha mbao ni wiki tatu za familia kula akiba. Lakini gharama ya kuahirisha haipungui kwa kuahirishwa. Ubao mmoja uliooza, ukiachwa, hupeleka unyevu kwa taruma lililo chini yake. Ubao hubadilishwa na fundi mmoja kwa siku moja. Taruma hudai chombo kifunguliwe ubavu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika boti ukuta huo hujengwa kwa mvule, ambao si mti wa bei ndogo. Mbao za kubadilishia zinunuliwe kwa muuzaji mwenye vibali vya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, zikiwa kavu na zenye unene sawa na zile za awali.

Mmiliki asiyeweza kufanya yote kwa msimu mmoja anaweza kuanza na mambo matatu yasiyogharimu zaidi ya jasho: kung'oa sakafu, kusafisha ngama na kukausha mbao. Hata bila tone la vanishi, chombo kilichofanyiwa hayo kitakuwa salama kuliko kile kilichopakwa juu ya uchafu.

Kwa vijana, hapa pana kazi. Seremala anayejua kuranda mlango ana nusu ya ujuzi unaotakiwa. Nusu ya pili ni kujua maji. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinaweza kuomba mkopo unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Kikundi chenye randa, mashine ya msasa na turubai kinaweza kuhudumia maboti mengi katika kiangazi kimoja. Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata hutoa maelekezo ya kusajili kikundi na kuandika maombi, Afisa Uvuvi hushauri kuhusu vyombo vya uvuvi, na chuo cha VETA kilichopo Kigoma ni mahali pa kuuliza mafunzo ya useremala.

Abiria naye ana sehemu yake. Anayepanda boti ana haki ya kutazama chini. Akiona ubao unaobonyea, maji yanayopanda juu ya sakafu au harufu kali ya petroli, amwambie nahodha kabla ya safari kuanza, kwa adabu na bila kuona haya. Nahodha mwema hatakasirika, kwa kuwa anasimama juu ya sakafu ileile. Kiangazi kikiingia, chombo kitakapovutwa mchangani, jambo la kwanza lisiwe kutafuta kopo la rangi. Liwe kuinua ubao mmoja, ule wa katikati, na kutazama upande wake wa chini.